Nganya Inayosikika Kabla ya Honi

Simama steji ya Hamza, Jogoo Road jijini Nairobi, saa kumi jioni kabla foleni haijaganda. Nganya, yaani matatu iliyopambwa, ikipita, usikimbilie kusoma jina lililo ubavuni. Angalia midomo yako inafanya nini. Kama imeshaanza kulitamka, mchoraji anaijua kazi. Kama bado unaitafuta herufi ya kwanza katikati ya miali ya moto na sura ya mwanamuziki wa Marekani, mwenye gari ameuziwa rangi tu.

Mimi hupima kwa neno moja: kung'aa. Lina mitego miwili. Wa kwanza ni ritifaa. Ukiiondoa, sauti ya ng'ombe inageuka ya ngano, na neno limekufa. Mchoraji hafifu huidondosha mwishoni kwa ncha ya brashi, nafasi ikibaki. Hodari huipa mwili. Niliwahi kuona moja nyekundu, nene kama kidole gumba, imekaa juu ya G kama kofia iliyopinda, na G yenyewe imerudishwa nyuma kidogo, maana sauti hiyo hutokea nyuma ya ulimi na kupitia puani. Mtego wa pili ni zile A mbili. Kupa si kupaa, kwa hiyo A hizo zisisimame mbalimbali kama majirani waliogombana. Zigusane, ya pili ijinyooshe, ibebe pumzi hadi karibu na taa ya nyuma.

Sheng inadai kinyume chake. Kiswahili hupenda kutua kwenye irabu. Sheng hukata: fom, dem, mat. M ya fom, yaani mpango, ikivutiwa mkia mrefu wa madoido, sikio linapata fomu, ile ya kujaza benki. Herufi hiyo ikatwe kama kwa wembe. Hapa ndipo vijana wengi wa brashi ya hewa huanguka, kwa sababu mkia ni mtamu kuchora.

Kivuli ni mwangwi: kitoke upande mmoja. Kikizunguka herufi pande zote, jina zima linapiga kelele na hakuna silabi inayosikika. Stika sizisemei sana. Zimekatwa safi, lakini zinaongea kama tangazo la uwanja wa ndege.

Kisha kuna mstari wa manjano, tulioletewa na kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki mwaka 2004. Wengine huuchukia kwa kukata ubavu. Mchoraji mwerevu huufanya ardhi ya kusimamia: silabi nyepesi zinatembea juu yake, ile yenye mkazo inaukanyaga na kushuka chini.

Mkazo ndio mtihani mgumu kuliko yote. Katika matatu za njia namba 58, B ya kwanza ya Buruburu huchorwa kubwa kupita zote, kwa mazoea ya herufi kubwa ya shuleni. Lakini ulimi huegemea silabi ya tatu. Kwenye karakana moja Kariobangi nilimkuta fundi amelipanga jina hilo kwa chaki, B ya mbele imevimba kama gunia. Makanga alikuwa mlangoni akisubiri gari lake.

"Hebu ita abiria, boss," fundi akamwambia.

"Buruburu! Buruburu hamsini!"

"Tena."

Akaita tena. Fundi akachukua kitambaa, akaifuta ile B ya kwanza, akaichora upya, ndogo.