Dumu la Hatua Kumi

Usiku wa kwanza husikii kitu. Usiku wa pili, ukiinamia ndoo, utasikia mfano wa manyunyu juu ya mchanga mkavu: zabibu zimeanza kuchemka bila moto. Shangazi yangu wa Mpunguzi, barabara ya Dodoma kwenda Iringa, huijua hali ya mvinyo wake kwa sauti hiyo kabla hajaonja hata tone.

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Ni neema yenye haraka. Mahindi yakikosa bei utayaweka ghalani, lakini zabibu iliyoiva haimsubiri mnunuzi. Ndiyo maana wakulima wengine husindika mchuzi wa zabibu na kuviuzia viwanda. Shangazi huuza sehemu kubwa ya mavuno yake, akabakiza kreti mbili za zabibu nyekundu aina ya Makutupora. Hizo ni za nyumbani.

Kazi yenyewe huanza na usafi. Ndoo, mwiko, mpira na kitambaa cha shashi, vyote humwagiwa maji ya moto. Kisha huondoa vikonyo, kwa kuwa huleta ukakasi, na kuzibinya zabibu kwa mikono. Blenda haitaki, kwani kokwa zikisagika uchungu wake hautoki tena. Maganda hayatupwi. Zabibu hizo nyekundu zina maji karibu meupe. Rangi yote imo gandani, na kuitoa ni kazi ya siku tano au sita, maganda yakielea naye akiyazamisha kwa mwiko asubuhi, mchana na usiku. Halafu hukamua, akajaza dumu la lita 20 na kupitisha mpira kwenye kifuniko, ncha yake ikizama katika chupa ya maji. Hewa itoke, isiingie.

Mwaka mmoja niliachiwa dumu nililinde. Maji ya chupa yalikauka, nami sikuangalia. Tulipofungua tulikuta siki. Shangazi alinipa kijiko kimoja ninywe, nijue ladha ya hewa.

Kuhusu sukari watu hubishana. Ili mvinyo ufikie kilevi cha asilimia 12, kila lita ya maji ya zabibu inahitaji takriban gramu 200 za sukari, na zabibu iliyoivia juani huwa nayo yenyewe. Iliyochumwa mapema haina. Mkemia wa Ufaransa, Jean-Antoine Chaptal, alitetea kuongeza sukari tangu 1801, na mpaka leo wapo wanaoona ni udanganyifu. Mimi naona ni kulisaidia tunda lililowahishwa. Kinachonikera ni kusikia mvinyo wa nyumbani ukiwekwa kapu moja na gongo. Hapa hakuna kinachokenekwa. Hamira inakula sukari, basi.

Na chupa ya dukani? Nainunua, tena kwa heshima. Chupa ile ina safari ndefu: kiwandani, ghalani, juu ya lori lenye joto, hadi rafu ya duka la Mwanza au Kigoma, na lazima ifike jinsi ilivyotoka. Kwa hiyo huchujwa mpaka ing'ae, ikatiwa salfaiti kidogo isiharibike njiani. Ni ufundi wa kumtengenezea mtu usiyemjua, atakayefungua siku usiyoijua.

Mvinyo wa shangazi una safari ya hatua kumi, kutoka pembe ya jiko hadi mkekani. Hauhitaji kung'aa; baada ya wiki kadhaa huuhamisha kwa mpira, mashapo yakabaki chini, na ukungu kidogo unaosalia haumsumbui mtu. Wanywaji wake anawajua kwa majina. Baba yangu anaupenda mkavu, wa kukwaruza ulimi. Jirani wa ng'ambo ya barabara anapenda utamu, hivyo ana kidumu chake kilichotiwa sukari zaidi tangu mwanzo. Kila dumu limefungwa kitambaa cha rangi yake, na Krismasi ikifika hakuna anayeuliza lipi ni la nani.

Agosti hii kreti mbili zilikuwa zamu yangu. Nilibinya, nikazamisha maganda, nikaamka usiku wa manane kuangalia. Usiku wa pili shangazi alikuja na kigoda chake, akaketi karibu na ndoo, akanyoosha mkono akazima redio.

"Haya, mwanangu," akasema, "sikiliza."