Moto wa MGM Grand: hoteli iliyomtegemea mtu ambaye hakuwepo

Mgahawa ulikoanzia moto katika hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas, Marekani, asubuhi ya Ijumaa, 21 Novemba 1980, haukuwa na vinyunyizio vya maji darini. Michoro ya jengo ilipoidhinishwa, mgahawa huo ulihesabiwa kuwa mahali penye watu saa 24, na kanuni za ujenzi za wakati ule ziliruhusu sehemu ya namna hiyo isamehewe. Hoja yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Penye watu usiku na mchana moto huonekana ungali mdogo, na anayeuona atauzima au atapiga simu. Hoteli ilifunguliwa Desemba 1973. Baadaye mgahawa uliacha kukesha, ukawa unafungwa usiku, lakini hakuna aliyerudi kwenye faili la ujenzi kuuliza kama msamaha bado una msingi. Siku ya moto ulikuwa umefungwa.

Chanzo kilikuwa kidogo mno kulinganisha na madhara yake. Kabati la kioo la kuonyeshea keki lilikuwa na mtambo wake wa kupozea, na nyaya za mtambo huo zilipita ndani ya ukuta. Mtetemo ulizisugua nyaya mpaka ganda lake likachubuka, waya wa athi nao haukuunganishwa ipasavyo, na joto likajikusanya mahali ambapo jicho la mkaguzi halifiki. Muda mfupi baada ya saa moja asubuhi, msimamizi wa mafundi wa vigae aliyepita hapo ndiye aliyegundua kwamba mgahawa unawaka. Kituo cha zimamoto kilikuwa ng'ambo ya barabara. Hata hivyo, askari wa kwanza kuingia walikutana na wimbi la moto likitoka mgahawani kuelekea kwao, wakalazimika kurudi nyuma.

Ukumbi wa kasino ulikuwa mpana, bila kuta za kuugawa, umejaa plastiki, sponji za viti, karatasi za ukutani na gundi za dari. Katika dakika chache moto ulifagia ukumbi wote na kutokea kwenye milango ya mbele. Watu 18 walikutwa wamekufa katika ghorofa hiyo ya chini. Yapo mambo mawili yanayoonyesha kwamba haikuwa lazima iwe hivyo. Kwanza, sehemu za jengo zilizokuwa na vinyunyizio zilipona, kwani moto ulipofika mpakani mwake ulikoma. Pili, kwa taarifa zilizochapishwa baada ya ajali, gharama ya kuweka vinyunyizio katika eneo lililoachwa ilikadiriwa kuwa dola 192,000, katika hoteli iliyojengwa kwa dola milioni 106.

Lakini vifo vingi havikutokea kwenye moto. Kati ya watu 85 wanaotajwa na Chama cha Kitaifa cha Kinga ya Moto cha Marekani (hesabu nyingine hufikia 87), 61 walifia kwenye mnara wa vyumba vya kulala, baadhi yao zaidi ya ghorofa 15 juu ya miali. Kilichowaua ni moshi na gesi ya kaboni monoksidi. Moshi ulipanda kwa njia ambazo jengo lenyewe liliutayarishia: mashimo ya lifti, nafasi zilizoachwa kati ya sehemu za jengo ili lisipasuke wakati wa tetemeko la ardhi, ngazi ambazo kuta zake zilitobolewa kupitisha mabomba bila kuzibwa, na mitambo ya viyoyozi iliyoendelea kusukuma hewa chafu vyumbani kwa sababu vizuizi vyake vya moshi havikufanya kazi. Wengine walikufa ndani ya lifti.

Ngazi zilikuwa na mtego wa aina yake. Milango yake ilijifunga nyuma ya mtu. Mgeni akishaingia ngazini hakuweza kurudi kwenye korido ya ghorofa yoyote. Alibaki na njia mbili tu, chini kabisa au juu kabisa. Kwa mlinzi wa kawaida, mpangilio huo una maana, kwani unamzuia mwizi kuzunguka ghorofani. Katika moshi, uliwakamata watu katikati, wasiweze kushuka wala kutoka. Waliofanikiwa kufika juu ya paa walichukuliwa na helikopta, zikiwemo za jeshi la anga kutoka kambi ya jirani ya Nellis. Waliookolewa kwa njia hiyo walikuwa karibu 300.

Hapo ndipo linapoingia suala la wafanyakazi. Takriban watu 5,000 walikuwa ndani ya jengo. Kengele ya kuwataka watoke haikulia mnarani. Mfumo ulitegemea mtu auanzishe, na chumba chenye mitambo hiyo pamoja na simu za hoteli kilikuwa katika eneo lililovamiwa na moshi mapema; wahudumu wa simu walilazimika kukimbia. Wachunguzi hawakupata ushahidi kwamba mpango wowote wa kuwahamisha wageni ulitekelezwa. Wageni waliamshwa na kelele za wenzao, ving'ora vya magari, mngurumo wa helikopta, au harufu ya moshi uliokuwa tayari chini ya mlango. Si kwamba wahudumu walikuwa waoga. Wapo waliogonga milango kwa hiari yao. Ila hiari hiyo haikuwa na orodha, mgawanyo wa ghorofa, wala sauti ya kuiongoza.

Ukitazama vizuri, kila kinga iliyoshindwa asubuhi ile ilikuwa imebeba dhana fulani juu ya mtu. Msamaha wa vinyunyizio ulidhani mgahawani yupo mtu. Kengele ilidhani kuna atakayeibonyeza, na kwamba atakuwa na nafasi ya kusimama hapo. Milango ya ngazi ilidhani hakuna atakayehitaji kurudi ndani. Dhana hizo hazikuwa siri. Zilikuwa kwenye michoro na taratibu za kazi, ila hakuna aliyepewa jukumu la kuzipima upya hoteli ilipobadilika.

Somo jingine lilitoka kwa wageni wenyewe. John Bryan wa Chuo Kikuu cha Maryland aliwapelekea manusura madodoso na kuchambua walichofanya. Matokeo yake yaliondoa picha ya umati uliopagawa. Wengi walivaa nguo, wakaamsha waliokuwa nao, wakagonga kwa majirani, wakaziba nyufa za milango kwa taulo zilizoloweshwa. Wengine walikusanyika katika chumba kimoja ambacho hewa yake ilikuwa afadhali, watu wasiojuana kabisa, wakasubiri pamoja. Wapo waliovunja madirisha ili wapate hewa, na vioo vikawaangukia waliokuwa chini. Kwa anayepanga mafunzo ya hoteli, taarifa hii ina thamani kubwa kuliko picha za jengo linalofuka: mgeni akipewa maelezo mafupi yaliyo wazi, kwa kawaida atayafuata, na asipopewa atajitungia ya kwake.

Chini ya miezi mitatu baadaye, tarehe 10 Februari 1981, moto mwingine ulizuka katika hoteli ya Las Vegas Hilton, mji uleule, ukapanda nje ya jengo kutoka dirisha hadi dirisha. Watu 8 walikufa. Baada ya misiba miwili mfululizo jimbo la Nevada halikuwa na nafasi ya kusitasita. Sheria ya mwaka huo ilizilazimisha hoteli ndefu kuweka vinyunyizio hata kama zilijengwa zamani, jambo ambalo wenye majengo hulipinga popote duniani kwa sababu gharama yake huja bila kuongeza chumba hata kimoja. MGM Grand yenyewe ilifunguliwa tena Julai 1981 ikiwa na mifumo mipya.

Upande wa wafanyakazi, mabadiliko yalienda taratibu zaidi lakini yaligusa kila zamu. Mpango wa dharura wa hoteli kubwa siku hizi hauandikwi kwa majina ya watu. Huandikwa kwa nafasi, kwa sababu meneja mkuu saa tisa usiku yuko kwake amelala. Anayekaa mapokezi usiku ndiye mwenye mamlaka ya kuanzisha tahadhari bila kuomba ruhusa, na hapa ndipo hoteli nyingi hujikwaa: karani hupoteza dakika za thamani akimtafuta mkubwa kwenye simu ili asije akalaumiwa kwa kuwaamsha wageni bure. Kengele hujianzisha yenyewe kwa vihisi moshi, na baada ya muda mfupi uliopangwa hutangaza katika ghorofa husika hata kama hakuna aliyeigusa. Lifti hushuka zenyewe hadi chini na kufungua milango. Kufuli za milango ya ngazi hujiachia kengele ikilia, ili mtu aweze kuifungua kutoka pande zote mbili. Mhudumu wa simu ana maneno ya kusema yaliyoandikwa tayari, na ana mahali pa pili pa kufanyia kazi iwapo chumba chake hakikaliki. Orodha ya wageni, ikionyesha nani ni kiziwi, nani hutumia kiti cha magurudumu na yuko chumba gani, huchapishwa kila zamu na kubebwa hadi mahali pa kukusanyikia. Iliyobaki ndani ya kompyuta haina faida umeme ukikatika.

Umuhimu wa nidhamu ya watu ulionekana tena San Juan, Puerto Rico, tarehe 31 Desemba 1986. Katika hoteli ya Dupont Plaza, wakati wa mgogoro wa kazi, baadhi ya wafanyakazi walichoma samani zilizorundikwa ukumbini. Watu wapatao 97 walikufa, wengi wao ndani ya kasino. Samani mpya ndani ya maboksi, zikisubiri kutumika, zilikuwa kuni tosha, na hakuna cheti cha ukaguzi kinachojua kilichorundikwa ukumbini wiki hii. Mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria ya usalama wa moto hotelini iliyotumia fedha badala ya amri: watumishi wa serikali kuu wanaposafiri kikazi huelekezwa kwenye hoteli zenye vihisi moshi katika kila chumba, na vinyunyizio pia ikiwa jengo lina zaidi ya ghorofa tatu. Hoteli zilizotaka wateja hao zilijua la kufanya.

Mafunzo ya Las Vegas hayahamishwi hivihivi. Kanuni maarufu iliyotokana na minara, kwamba mgeni ambaye korido yake imejaa moshi abaki chumbani, azibe mlango na kusubiri, inategemea ukuta wa zege na mlango unaostahimili moto. Katika hoteli za pwani ya Afrika Mashariki zilizoezekwa makuti, kanuni hiyo ni hatari. Makuti makavu hushika moto kwa cheche, upepo wa bahari huzirusha kwenye paa la pili, na mgeni aliye chini ya paa hilo anatakiwa atoke mara moja na kuelekea upande wa upepo unakotoka. Mfanyakazi aliyehama kutoka hoteli ya ghorofa Nairobi au Dar es Salaam kwenda Diani au Nungwi anapaswa kufundishwa upya, hata kama ana cheti. Kanuni za Kenya za 2007 za kupunguza hatari ya moto sehemu za kazi zinadai zoezi la kuhama jengo angalau mara moja kila miezi 12. Kwa hoteli ya kitalii inayoajiri vibarua wa msimu, kiwango hicho hakitoshi: zoezi likifanyika Februari, walioajiriwa Julai wageni wanapofurika hawajawahi kuisikia kengele hiyo ikilia.