Moshi wa Wamagana na Kipimo cha Mlimani

Asubuhi isiyo na ukungu, saa kumi na mbili, moshi wa majiko ya mji wa Wamagana hupanda kidogo kisha hulala juu ya michai kama shuka. Urudi saa nne, huuoni tena. Mlima Kenya, yaani Kirinyaga, nao uliokuwa wazi alfajiri, umeshajifunika mawingu. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja.

Tuanze na moshi. Kama kazi ya kusambaza joto lake ingeachiwa molekuli peke yake katika hewa iliyotulia, kuvuka chumba cha mita 3 kungechukua takriban siku 5. Hakuna jiko la namna hiyo. Kinachoharakisha ni msukosuko: mizunguko mikubwa ya hewa huzaa midogo, midogo huzaa midogo zaidi, na kila mmoja huvuta na kukunja. Mpika chapati anaijua hesabu hii mkononi. Anasukuma, anapaka mafuta, anaviringisha, anasukuma tena. Tabaka la mita 1 likipunguzwa nusu mara 10 linabaki milimita 1 hivi, na katika unene huo molekuli hukamilisha kazi kwa sehemu ya ishirini ya sekunde.

Mwaka 1949 mwanasayansi Obukhov, na mwaka 1951 mwanasayansi Corrsin, kila mmoja kivyake, walilitumia wazo la Kolmogorov la 1941 kuhusu msukosuko kueleza jinsi tofauti za joto zinavyogawanyika kati ya mizunguko mikubwa na midogo. Joto walilichukulia kama abiria: linabebwa, haligusi usukani.

Mlimani abiria huyo hunyakua usukani. Jua likipasha mteremko, hewa inayougusa inakuwa nyepesi na kupanda. Usiku inapoa, inakuwa nzito, inateremka. Abiria halisi ni kaboni monoksaidi ya moshi wetu, pamoja na mvuke, angalau mpaka mvuke ugeuke wingu. (Hilo ndilo wingu la saa nne.)

Kupanda na kuteremka huko kwa hewa ndiyo shida iliyokikabili kituo cha kuchunguza angahewa kilichozinduliwa mwaka 1999 kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari. Kinaendeshwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na Uswisi ilisaidia kukianzisha. Kinapima ozoni na kaboni monoksaidi, na shabaha yake kubwa ni hewa ya mbali, si ya jikoni kwa mtu. Lakini kila mchana upepo unakipandishia hewa ya mabondeni.

Dawa ilikuwa kuchagua saa. Vipimo vya usiku wa manane hadi alfajiri, upepo unapoteremka, vinasomwa kama hewa ya juu. Vya mchana vinasomwa kama habari za huku chini. Unyevu ndio bawabu: ukipanda sambamba na kaboni monoksaidi, mgeni ametoka bondeni.

Naupenda ujanja huu kwa sababu hauhitaji mtambo mpya, saa, upepo na unyevu tu. Ila una tundu. Hewa iliyopandishwa mchana haiondoki yote jua linapozama. Nyingine huelea ubavuni mwa mlima, ikachanganyika na ile inayoteremka. Kwa hiyo kipimo cha saa nane usiku kinaweza kuwa na chembe ya moshi wa chai ya saa kumi, uliokwisha kukunjwa mara nyingi kuliko chapati yoyote.