Kuoanisha Vipuri

Kwa kijana wa Mbeya au Iringa mwenye fedha kidogo, kompyuta ya kwanza ya magemu mara nyingi huanza na mashine ya mtumba iliyomaliza kazi yake ofisini ng'ambo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, prosesa ya Intel ya kizazi cha nne au cha sita, RAM ya GB 4 au 8, na nafasi ya kuchomeka kadi ya grafiki. Kinachobaki ni kuchagua kadi, RAM na diski zitakazopatana nayo. Kazi hiyo hudharauliwa kwa kuwa mwisho wake ni mchezo. Mimi naiona ni ufundi kamili, unaostahili heshima ileile tunayompa fundi seremala au fundi magari, kwa sababu anayeifanya vizuri ameshaelewa jambo ambalo wengi wenye fedha hawalielewi: ubora wa kipuri huamuliwa na vile vinavyokizunguka.

Tuchukue OptiPlex 9020 ya mwaka 2013, ile ya kasha la mnara. Pawa saplai yake ni ya wati 290, na nafasi ya kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75, basi. Mwenye haraka huvutiwa na Radeon RX 580 ya mwaka 2017, kadi yenye nguvu inayopatikana mtumba kwa bei ya kuvumilika. Kadi hiyo hula wati 185 na hudai waya wake wa ziada wa umeme, waya ambao mashine hii haina. Atasema atabadilisha pawa saplai. Akifungua kasha atakuta mazabodi ya Dell inapokea umeme kwa plagi ya pini 8, ilhali pawa saplai za kawaida madukani zina plagi ya pini 24. Sasa atafute na waya wa kuunganishia. GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ni dhaifu kuliko hiyo Radeon, hakuna ubishi, lakini matoleo yake mengi hunywa wati 75 zilezile za nafasi na hayadai waya wowote. Na kama kasha ni lile jembamba, inabidi atafute toleo fupi la kadi hiyohiyo, maana ya kawaida haitaingia. Anayeacha kadi kubwa na kuchukua ndogo kwa hesabu ya namna hii, na fedha iliyobaki akanunua SSD na vijiti viwili vya RAM vya GB 4 vinavyofanya kazi kwa pamoja badala ya kimoja cha GB 8, amefanya uamuzi wa kifundi.

Wapo wanaodhani kinachoingia ndicho kinachofaa. Kwa RAM wana haki kidogo: kijiti cha DDR4 hakiingii kwenye nafasi ya DDR3, pengo lake limekaa mahali pengine. Kwa prosesa imani hiyo huunguza fedha. Soketi ya Intel ya mwaka 2015 ina pini 1151. Prosesa za kizazi cha nane zilizotoka mwaka 2017 nazo zina 1151, na bado mazabodi za kizazi cha sita hazizikubali. Upande wa AMD ni kinyume chake: mazabodi ya B450 ya mwaka 2018 hupokea Ryzen 5 5600 iliyokuja miaka minne baadaye, mradi BIOS yake imesasishwa. Macho hayawezi kuliona hilo. Lazima usome.

Na huku Nyanda za Juu Kusini kusoma kuna uzito wa pekee. Kutoka Kariakoo hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kipuri husafiri kwa basi kikipanda mlima wa Kitonga kama mzigo mwingine wowote. Kikifika hakifai, utalipia kifurushi mara ya pili kukirudisha, kama muuzaji hajakuonyesha lile tangazo la mali ikishauzwa hairudishwi. Umeme nao huingia kwenye hesabu: unapokatika na kurudi kwa kishindo, kinachoumia kwanza ni pawa saplai ya bei rahisi, hivyo UPS ndogo yafaa iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Hali ya hewa, kwa upande wake, inatusaidia. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15, kwa hiyo feni husukuma hewa pungufu. Lakini baridi ya Juni na Julai hufidia, na feni za kawaida zilizosafishwa vumbi zinatosha.

Mtu atauliza kwa nini asinunue PlayStation ya mtumba akapumzika. Kama anachotaka ni mpira na marafiki tu, anunue, ni chaguo sahihi. Ila mwanafunzi wa uhandisi pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, anahitaji AutoCAD mchana, na kadi ileile ya jioni ndiyo itakayomzungushia michoro yake. Hoja nzito zaidi ni ya umri. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haitaki Intel iliyo chini ya kizazi cha nane. Hoja hii ni ya kweli, nami siikwepi. Inachofanya ni kusogeza swali la kwanza nyuma, kabla ya kadi na kabla ya kasha: unataka kucheza nini? Mwenye nia ya Valorant, ambayo kwenye Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ajibane afike kwenye OptiPlex 7060 ya kizazi cha nane. Anayetaka GTA V, ambayo watengenezaji wake walipendekeza Core i5-3470 na GTX 660, mashine ya mwaka 2013 yenye 1050 Ti inamtosha, na chenji yake iende kwenye UPS.