Bega la Mkulima wa Mgeta katika Alama 100

Mwaka 1987 Christopher Constant na mwenzake A. H. G. Murley walichapisha njia ya kupima bega ambayo hadi leo hutumika katika kliniki nyingi za mifupa na fiziotherapia. Bega zima hupewa alama 100. Maumivu yana 15 na shughuli za kila siku 20. Hizo 35 hutokana na maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Zinazobaki 65 ni za mpimaji: 40 za mwendo wa mkono na 25 za nguvu.

Nataka kuupandisha mgawanyo huo milima ya Uluguru, kwa mtu ambaye kwangu ndiye mtihani wake halisi: mama wa Mgeta anayelima kabichi na viazi kwa jembe la mkono kwenye mteremko, kisha akajitwisha mavuno kichwani hadi soko la Nyandira. Akiumwa bega, kulima na kubeba vyote vinasimama. Je, kipimo hiki kinamwona?

Kwenye mwendo kinamwona, tena vizuri. Kuinua mkono mbele na kuuinua ubavuni hupimwa kwa goniometa, kipimapembe chenye fito mbili: fito moja hulazwa sambamba na ubavu, nyingine hufuata mfupa wa juu wa mkono. Mizunguko miwili iliyobaki haihitaji chombo. Kwa mzunguko wa nje, mgonjwa huweka kiganja kisogoni, kisha utosini, mara kiwiko kikiwa mbele, mara kikirudishwa nyuma, na mwisho hunyoosha mkono wote juu. Kila hatua ina alama 2. Kwa mzunguko wa ndani, hupeleka mgongo wa kiganja nyuma ya mwili. Ukiishia pajani ni 0, takoni ni 2, na huongezeka kadiri unavyopanda uti wa mgongo hadi 10, katikati ya makombe ya mabega. Kiganja utosini na kiwiko nje ndivyo tenga linavyoshikiliwa njia inapoteleza. Mkono kupanda mgongoni ndiyo safari yake anapofunga mbeleko. Katika zahanati isiyo na goniometa, sehemu hii pekee ingetosha kuanzia kazi.

Tatizo liko kwenye nyuzi, kwa kuwa alama hupanda kwa ngazi za nyuzi 30. Mkono unaofika popote kati ya 91 na 120 hupata alama 6. Kati ya 121 na 150 hupata 8. Mgonjwa aliyeanza na nyuzi 95, akafanya mazoezi hadi akafika 118, haongezewi hata alama moja. Kwenye karatasi hajapiga hatua, ilhali nyuzi hizo 23 huenda ndizo zilizokuwa zikimzuia kugusa ukingo wa tenga. Goniometa begani huweza kukosea kwa nyuzi 5 hadi 10, kwa hiyo ongezeko kama hilo si la bahati nasibu. Nyuzi zenyewe ziandikwe kwenye faili, alama zikae pembeni.

Nguvu nayo ina mtego wake. Hupimwa mkono ukiwa umeinuliwa nyuzi 90, alama moja kwa kila pauni, hadi pauni 25, yaani kama kilo 11. Asiyefika nyuzi 90 hupewa 0 moja kwa moja. Mtu huyo huyo anaweza kuwa anabeba ndoo ya maji mkono ukiwa umening'inia. Mpimaji akiisoma 0 hiyo kama ukosefu wa nguvu, atampangia mazoezi yasiyomfaa.

Kwenye shughuli za kila siku, kazi ina alama 4 na michezo na burudani vina 4 vilevile. Usingizi una 2. Dodoso la DASH la mwaka 1996, linalomuuliza mgonjwa kuhusu mkono, bega na kiganja kwa maswali 30, hutoa gofu na tenisi kama mifano ya burudani inayotumia nguvu za mkono. Sioni ubaya kwa waliotunga. Waliwatungia watu wao. Ila kumsomea mama wa Mgeta maswali hayo yalivyo ni kupoteza jibu alilokuja nalo. Aulizwe kama anaweza kuinua jembe juu ya bega, kujitwisha bila kusaidiwa, kusuka nywele, kutwanga. Majibu yake yaandikwe na kurudiwa kwa maneno yaleyale kila anaporudi.

Pengo kubwa kuliko yote ni kwamba alama za Constant hupima mwendo anaoufanya mgonjwa mwenyewe tu. Chukua wagonjwa wawili, wote mkono unaishia nyuzi 80. Mpimaji amwambie kila mmoja, "Mama, legeza kabisa, niachie mimi," ashike kiwiko na kuuinua mkono taratibu, huku kiganja chake kingine kikizuia kombe lisipande. Kwa wa kwanza mkono unaendelea hadi nyuzi 150. Kiungo kiko wazi. Kilichoshindwa ni misuli au kano zinazoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono, au maumivu yanamzuia. Kwa wa pili mkono unagoma palepale, na hata kiwiko kikibanwa ubavuni, kiganja hakigeuki kwenda nje. Hapo tunafikiria bega lililoganda au kiungo kilicholika, na picha ya eksirei husaidia kutenganisha hayo mawili. Bega lililoganda huwapata zaidi wenye kisukari, kwa hiyo sukari yake ipimwe. Alama zao za mwendo huenda zikalingana kabisa; matibabu yao hayafanani.

Ili kuliona kombe, mpimaji lazima asimame nyuma ya mgonjwa. Khanga ikifungwa kifuani chini ya makwapa, mabega yote mawili yanabaki wazi na heshima ya mama inalindwa. Bega bovu hudanganya kwa kupandisha kombe mapema au kuinamisha kiwiliwili upande wa pili. Anayepima kutoka mbele, juu ya gauni, atasoma nyuzi ambazo bega halikuzitoa.

Maumivu yasitupwe kwenye tarakimu moja. Alama 15 za Constant zina ngazi nne tu. Mgonjwa aonyeshe kwa kidole panapouma, aseme kama anaweza kulalia upande huo, na ataje maumivu kwa 0 hadi 10 mara mbili: akiwa ametulia na akiwa ameinua mkono. Maumivu yanayotokea kati ya nyuzi 60 na 120 kisha yakapungua huelekeza kwenye kano zilizobanwa chini ya paa la bega. Yakishuka hadi vidoleni pamoja na ganzi, shingo ichunguzwe. Kwa mtu aliyebeba mizigo kichwani tangu utotoni hilo halina mjadala.

Aliyeteremka na mzigo asubuhi hiyo apumzike kwanza, na faili lieleze kwamba alibeba. Mkono usiouma ndio uanze kupimwa, kwa sababu bega la mtu wa miaka 60 hulinganishwa na bega lake lingine kabla ya kulinganishwa na nyuzi 180 za kitabuni.