Gharchola: Mstari wa Zari na Nukta ya Mkono

Anayejua kuisoma leso hapotei kwenye gharchola. Leso ina pindo, mji na jina. Sari hii ya harusi ya Wagujarati ina pindo na mji, jina haina. Maneno yote yamo mjini.

Niliitazama kwa karibu Kisumu, mji ambamo Wahindi wamefanya biashara tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901. Mama mwenye nayo aliitandaza kitandani, akafungua dirisha. "Shika tu, haiumi," akaniambia.

Ni hariri nyekundu. Mfumi amepitisha zari kwenye mtande na kwenye mshindio, nyuzi zikakatana, mji mzima ukawa miraba. Desturi hupenda miraba 12 au 52, kila mmoja bustani. Ndani yake mna yungiyungi, tembo, tausi. Hawa hawakufumwa. Fundi alibana hariri kwa ncha za vidole, akaikaza kwa uzi, kisha kitambaa kikatiwa rangi. Palipofungwa rangi haikuingia. Kila nukta ni kifundo kilichofunguliwa.

Uzuri wake, kwangu, ni ugomvi wa zari na nukta. Zari imenyooka kwa sababu kitanda cha mfumi hakijui kwenda upande. Nukta hazinyooki. Tembo mmoja alikuwa na mguu mnene kuliko mingine, na mraba uliomzunguka ndio uliomfanya aonekane anatembea. Bila zari angekuwa madoa tu.

Ikivaliwa, mikunjo humeza miraba mingi. Ila Wagujarati huleta ncha ya sari mbele kupitia bega la kulia, hivyo sehemu iliyojaa kazi hukaa kifuani. Siku ya harusi bibi harusi huvaa kwanza panetar, hariri nyeupe yenye pindo jekundu, zawadi ya mjomba wake. Kisha gharchola kutoka ukweni hutandwa juu yake. *Ghar* ni nyumba. Nyumba mbili zimesema juu ya mwili mmoja, na mwenye mwili huenda hajachagua hata uzi. Hilo nalo limo kwenye umbo.

Siku hizi zipo za kupigwa chapa, nukta zote duara, zote sawa. Humo ugomvi umekwisha, na tembo amesimama. Ukiuziwa moja, usihangaike na mng'aro wa zari. Pitisha kiganja mjini: ya mkono ina vinundu, ya chapa ni bapa.