Clare na Msamaria Mwema

Clare in the Community, mchezo wa vichekesho ulioanza kusikika BBC Radio 4 mwaka 2004, unamhusu Clare Barker, ofisa ustawi wa jamii nchini Uingereza. Maneno yote ya kazi yake anayo; msaada wenyewe hana. Huona kasoro za kila mtu isipokuwa zake. Sally Phillips anamwigiza vyema kwa sababu hamfanyi mwovu: Clare anaamini kweli kwamba anasaidia. Hapo ndipo kicheko kinapotugusa sisi waumini. Ni rahisi kumtembelea mgonjwa, tukaimba, tukaomba, tukaaga, bila kumwuliza kama amekula. Msamaria Mwema hakuhubiri barabarani; alifunga majeraha, kisha akalipia nyumba ya wageni. Tumcheke Clare, lakini tujipime naye.